Wamemkata Baba Kwenye Filamu Mpya

Hasira hazijanitoka bado, kwa hiyo niseme tu: filamu mpya ya yule shujaa wa kofia ya chuma ni takataka. Nilikaa ukumbini nikisubiri kitu kimoja, kimoja tu, na hawakukiweka.

Ile ya zamani niliiona utotoni, mimi na kaka yangu, likizo tulipokuwa tunaletwa mjini kwa shangazi, Ngarenaro, kutoka kwetu kijijini Kikwe. Nyuma ya nyumba ya shangazi kulikuwa na kibanda cha video, mabenchi na pazia la gunia, na pembeni ya televisheni alikaa mtafsiri na maiki yake. Wale wa kwenye filamu wanaongea Kizungu, yeye anapunguza sauti yao na kutuambia kwa Kiswahili wanachosema. Wote waliongea kama watu wa kwetu. Polisi waliamkiana shikamoo kabla ya kurushiana risasi, na jambazi mkuu alikuwa mfanyabiashara, Mchaga wa sokoni kabisa.

Shujaa mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi. Alimwacha baba yake shambani akaenda mjini kukunja nondo kwa mikono mitupu na kupiga wezi. Mwishoni anarudi nyumbani amechakaa, kofia mkononi, anasimama mlangoni. Baba yake yuko jikoni, amempa mgongo. Hapo mtafsiri alikuwa anaongea taratibu: "Mwanangu, nimekuita siku nyingi. Ingia ndani." Ndipo shujaa anaingia. Kaka yangu, ambaye hata akichapwa halii, sehemu hiyo alikuwa anajifuta macho kwa shati.

Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri, na sikuisubiri kwa ajili yangu.

Kaka ni mzaliwa wa kwanza, na shamba la Kikwe lilikuwa lake hata kabla hajajua kushika jembe. Alipokua akasimama kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wajomba na wazee wa kanisa, akasema yeye halimi, anakwenda mjini kuchomelea mageti. Baba aliona amevuliwa nguo hadharani. Akamwambia aondoke na asirudi mpaka atakapomwita. Kaka akaondoka, akafungua karakana yake Ngarenaro, na hajakanyaga Kikwe tena. Ni miaka mingi sasa.

Mwaka huu baba amedhoofika. Miguu inavimba, na daktari ametuambia tusijidanganye, moyo umechoka. Kila Jumapili nikienda kumwona ananiuliza, "Yule anakula?" Jina halitaji. Namwambia anakula, lakini si umwite tu, baba. Anachukua fimbo yake anatoka kwenda kutazama ndama. Nikirudi mjini namwambia kaka mzee anakuulizia, nenda kabla hujachelewa. Na yeye, na miwani yake ya kuchomelea kichwani, ananijibu kwamba aliambiwa asubiri kuitwa. Ameitwa? Basi. Jamani, nimechoka. Nabeba salamu ambazo hakuna anayekubali kuzituma, na wote wawili wananiona mimi ndiye msumbufu.

Kwa hiyo niliposikia filamu ile imetengenezwa upya, nikapata akili. Nitampeleka kaka. Atamwona yule mzee jikoni, atamsikia anavyomwita mwanawe, na moyo utalainika. Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe wapi. Shujaa wa sasa ana mwili wa gym na utani usioisha. Amekulia kwa shangazi ghorofani. Mahindi hakuna. Kuna mashimo angani, kuna mazimwi matatu, kuna mji unabomolewa mpaka unajiuliza watu watalala wapi, na hakuna hata mmoja anayehuzunika. Baba yake wametuambia alikufa zamani, kwa sentensi moja, huku shujaa anakula. Nilitaka kumrushia mtu bisi. Yule mzee ndiye aliyekuwa filamu yenyewe! Unamtoaje halafu unabakiza kofia?

Tulipotoka, kaka alisema picha ni kali ila mzee wamemkata. Kisha akaniangalia. "Ulinileta kwa sababu ya yule mzee, siyo?"

Nikamvuta mpaka kwangu Terrat, nikamkalisha kwenye kochi, nikaitafuta ile ya zamani kwenye kompyuta. Mtafsiri hakuwepo humo, ni sauti zao wenyewe. Mimi nafanya kazi ofisi ya watalii na Kiingereza ndicho kinachonilisha, nikamwambia atulie, leo namtafsiria mimi.

Nilianza kuona mambo hayaendi. Jambazi mkuu hakuwa mfanyabiashara, alikuwa daktari wa meno. Yule dada tuliyeambiwa ni mchumba wa shujaa alikuwa mwenye nyumba anadai kodi. Kaka alicheka, na mimi nikacheka, lakini nilianza kuogopa.

Tukafika jikoni. Shujaa mlangoni, kofia mkononi. Mzee amempa mgongo, anaosha kikombe. Nikasubiri aseme. Maji yanachuruzika tu.

"Anasemaje?" kaka akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Mdomo wa mzee hauonekani, na maneno nilikuwa nayo tayari, nayajua kwa moyo tangu mtoto. Nilivuta pumzi kabisa niyaseme. Lakini kaka alikuwa ameinama mbele, mikono yake yenye makovu ya moto imeshikana, ananisikiliza mimi, nikashindwa.

"Hasemi kitu."

"Rudisha."

Nikarudisha. Mzee anaosha kikombe kilekile. Shujaa anasimama, anasimama, halafu anaingia, anavuta kiti, anakaa. Imeisha.

"Kwa hiyo hakumwita."

"Hakumwita, kaka. Yule mtafsiri alitutungia."

Nilimchukia mtafsiri yule saa ileile. Ningejua anapoishi ningemfuata nikamkunja shati. Kututungia baba anayeita, watoto wa Kimeru sisi, ambao hatujawahi kuona mwanamume wa ukoo wetu akisema maneno ya namna ile, na mtu mzima ameyasubiri maisha yake yote! Nilisema hayo kwa sauti na mengine zaidi. Kaka hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia kile kiti.

"Kumbe aliingia tu," akasema.

Asubuhi alikuja getini kwangu amevaa shati la kanisani. Aliniuliza tunaondoka saa ngapi kwenda Kikwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ya nyumbani ilikuwa tope tupu.

Baba alikuwa ndani, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Kaka akasimama mlangoni. "Shikamoo, baba."

Baba aliinua macho, akamwona. Kisha akageukia dirishani na kuendelea na gunzi lake. Hakuitikia. Shikamoo ya mtoto wake ikabaki hapo hewani, na mimi damu ikanichemka. Nilifungua mdomo nimwambie baba kila nilichokimeza miaka yote ile, ugonjwa au si ugonjwa.

Kaka hakunisubiri. Akaingia.

Hatua mbili tatu, na baba, bila kugeuka, akaongea na mimi.

"Mwambie avue viatu. Anajaza tope ndani."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Kaka alikuwa ameshainama palepale alipo, ndevu zina mvi, anahangaika na kamba za viatu, na fundo halifunguki.