Gauni Alilolitaka Mama

Duka la magauni la Oxon Hill lilinuka mvuke wa pasi na nailoni mpya, harufu iliyonikwaruza kooni kabla mlango haujafungwa nyuma yetu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sidhani kama nilitulia hata siku moja. Kila Jumamosi mama alipotoka kazini, kwenye makao ya wazee alikokuwa mhudumu, tuliingia katika gari la Anti Wanjiru, jirani yetu muuguzi kutoka Nyeri, tukatoka mji wetu wa Falls Church hadi ng'ambo ya mto Potomac kutafuta gauni. Anti ndiye aliyetuletea habari za mashindano ya urembo wa asili, maana binti yake alishawahi kushiriki. Kanuni zilikuwa wazi: hakuna vipodozi, hakuna kope wala nywele za bandia, na gauni la jioni lilingane na umri wa mtoto.

Mama alizisikia kanuni hizo kwa sikio moja. Macho yake yalikimbilia magauni yenye matabaka na vijiwe vya kumetameta, mimi nikavua na kuvaa hadi ngozi ikaniwasha. Kifua changu kilikuwa kimeanza kuota, jambo ambalo sikutaka kioo wala mtu alione. Jumamosi ya tatu akalipata alilokuwa akiliota: la waridi, mabega wazi, limejaa vijiwe kiunoni. Akapiga makofi kama aliyepata mjukuu.

"Mama Zuhura, wacha nikuambie ukweli," Anti akasema. "Hii gauni itatembea peke yake. Majaji wanataka kuona mtoto. Si mnasema chema chajiuza?"

"Hapa ugenini, dada, hata chema kisipopambwa hakionekani."

Nikajifungia nyuma ya pazia nikakataa kutoka. Mama aliita mara moja, mara mbili, sauti ikipanda, na wateja wengine wakageuka kutazama. Siku zote yeye alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza. Siku hiyo maneno yalinitoka kwa lugha yake, yakijikwaa: "Mama, naona haya. Wataangalia mabega. Mimi hawataniona."

Mama akaingia, akakaa kwenye kistuli, bado amevaa sare ya kazi. "Wazee ninaowaogesha hawajui jina langu, mwanangu," akasema polepole. "Mwaka wa nne huu. Nilitaka siku moja ukumbi mzima umtazame mtu aliyetoka tumboni mwangu." Nusu yangu ilitaka kulikubali gauni lile palepale ili asiwe na uso ule. Lakini akafuta macho, akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu tuanze kuzunguka: "Basi wewe unataka lipi?" Nikamwonyesha la kijani kibichi, mikono hadi kwenye viwiko, halina hata kijiwe. "La msibani hili," akanung'unika, lakini alilibeba mwenyewe hadi kwa muuzaji.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa hoteli moja huko Arlington. Nilitembea mbio mno, nikasahau mahali pa kugeukia, na swali la majaji nikalijibu kabla halijaisha. Sikushinda chochote. Ila nilipotokea jukwaani na lile gauni la kijani, mama alisimama akapiga vigelegele, peke yake, kati ya watu waliokaa wakipiga makofi ya adabu. Ukumbi mzima uligeuka, ukamtazama yeye. Nami, Mungu anisamehe, niliinamisha macho nikajifanya simjui.

Siku hizi binti yangu huchagua magauni kwenye simu, amejilaza kwenye kochi, na lisilomfaa hurudishwa kwa posta. Hakuna ugomvi, hakuna pazia, hakuna anayelia. Najiambia kwamba hivi ni bora, na pengine ni kweli. Juzi nilimwuliza kama angependa twende dukani pamoja, mimi na yeye. "Hakuna haja, Mama," akanijibu kwa upole, tena kwa Kiswahili safi, bila kuinua macho. Nikabaki nikizunguka sebuleni, nikikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.