Siku Mashine Yangu ya Vifaranga Iliponikana Mwenyewe

Hasira zangu bado hazijapoa, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikifika katikati sitaki mtu anikatize.

Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Songea. Kuna fundi mwenzangu aliniibia programu akaiuza kama yake, nikawaka, nikazifunga mashine zote: ndani ya chipu nikaweka programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine, inakagua sahihi, na programu isiyo na sahihi yangu haiingii ng'o. Sahihi hiyo inatiwa kwa ufunguo wa siri, faili dogo tu, nikaliweka kwenye flashi na kulifuta kwenye kompyuta (wezi hawalali). Muuza duka alinisihi, "Chukua flashi mbili kaka, nakupunguzia." Nikamjibu, "Mbili za nini, nimezaa mapacha?" Mimi huyu ninayehesabu chenji mara mbili, ufunguo nikauweka mahali pamoja.

Siku ya maonyesho ya wafugaji nikashika kipaza sauti, kompyuta nimeiunganisha na spika, nikamwita yule mwizi mbele za watu: "Njoo uingize programu yako!" Akajaribu, mashine ikamkatalia, uwanja ukashangilia, nami kichwa kikavimba nikatangaza kwamba sasa anaingiza mwenye mali. Kusema kweli nilikuwa naihitaji sana programu mpya niliyoiandika, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimegundua kwamba ya zamani inasahau kuzima hita, na ndani ya mashine ile mlikuwa na mayai ya Mama Regina wa Peramiho, mtaji wake wote.

Nikachomeka flashi nitie sahihi, nikabofya faili bila kuangalia. Spika zikalipuka kwa wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini, vigelegele na tarumbeta juu.

"Deo!"

Deo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa pembeni anatafuna muhindi.

"Si MC wa sendofu alikosa nyimbo, shemeji? Ulikuwa umelala, nikaiazima flashi yako. Mlikuwa na kafaili kamoja tu, hata hakaimbi, nikakafuta."

Hakaimbi! Ninyi niambieni, mtu kama huyo unamfanya nini?

Mwizi akachukua kipaza sauti. "Mwenye mali, ingiza basi, tunakusubiri."

Nikaingiza hivyo hivyo bila sahihi (aibu haina akili), mashine ikanikatalia kama ilivyomkatalia yeye, bila hata kunionea haya. Joto likazidi kupanda. "Mwanangu," Mama Regina akauliza, "unanitotoleshea au unanichemshia?" Nikachomoa waya wa umeme, yeye akayafunga mayai yake kwenye kitenge, akaondoka bila kuaga.

Kinachoniuma ni kwamba kufuli lilifanya kazi yake barabara. Ilinibidi nizunguke kwa kila mteja, ng'oa chipu, weka mpya, omba radhi.

Siku hizi ufunguo una nakala, moja iko kwa mama mkwe, ambaye hana kompyuta wala hamu nayo. Deo akiuliza flashi namwonyesha redio.

Mama Regina aliyaatamisha mayai kwa kuku wake, mengi yakapona. Nilipompelekea mashine iliyotengenezwa, alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudi nayo, mwanangu. Kuku wangu haombi sahihi ya mtu."