Mtoto Niliyemtoa Kwenye Kadi

Ningeweza kukataa. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia habari hii kana kwamba nililazimishwa, na si kweli. Kocha aliniuliza mara mbili, "Mzee, umekubali?" na mara zote mbili nilisema ndiyo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga mkononi. Yeye hakuulizwa.

Tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulitoka nchi jirani, milima iliyo juu ya Uvira. Kule tulikuwa watu wa ng'ombe, na huku tulifika bila hata ndama. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kwa hiyo majirani waliniletea barua zao niwasomee, na kanisani nikawa mwandishi. Tulikuwa na watoto watano, mabinti wanne na mvulana mmoja. Mvulana huyo alicheza mpira kwa mguu wa kushoto, na shule moja ya Mbarara ilimchukua bila karo kwa ajili ya mguu huo.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, kocha wa shule hiyo alikuja mpaka kwetu na habari. Walikuwa wanachagua vijana wa timu ya taifa, wale wa chini ya miaka kumi na saba, wakacheze mchujo wa mashindano ya vijana ya Afrika. Wakubwa wake walikuwa wamemwona mtoto wetu na wamempenda. Lakini mkimbizi hawezi kuvaa jezi ya nchi isiyo yake.

"Si umri," alisema kocha. "Umri wake ni wa kweli, hata wakimpiga picha ya mfupa wa mkono atapita. Tatizo ni baba tu. Tukipata baba wa hapa, kijana anacheza."

Alisema "baba tu" kama mtu anayetafuta kamba za viatu. Nami sikukasirika. Nilikuwa tayari namwona mwanangu kwenye televisheni, na watu wa Base Camp, kituo kikuu cha kambi, wakinisogezea kiti. Siwezi kudai nilifanya kwa ajili yake peke yake.

Baba alipatikana Masha, kwa wenyeji nje ya kambi. Alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wengi, na mwanangu alikuwa akimchungia wakati wa likizo. Kwa sura na kwa lugha hatukuwa mbali na watu wa kule, mgeni asingetutofautisha. Mfugaji yule hakutaka chochote kutoka kwetu. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi nina wasichana sita, ssebo. Huyu kijana nitaangalia kama wangu." Ahadi hiyo aliitimiza, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Tulikaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, watu wanne. Nikasema kwamba kijana huyu si wangu, ni wa bwana huyu, alinipa nimlee akiwa mdogo kwa kuwa mama yake aliugua. Niliyasema vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kuandika mihtasari. Mwenyekiti akaandika, akagonga muhuri. Mwanangu alikuwa pembeni yangu, ameinama anaangalia viatu vyake.

Njiani tukirudi aliniuliza, "Papa, mbele ya batu nitakuita nani?"

"Niite mzee," nikamwambia. "Ni kwa siku chache."

Ilibaki kadi. Pale kambini kila familia ilikuwa na kadi yenye majina, na chakula kilitolewa kwa kufuata majina hayo. Siku ya kuhesabiwa watu, ilikuwa kawaida yetu kuazimana watoto. Jirani aliye na wawili anaonekana na wanne, kesho yake anawarudisha. Hakuna aliyeona haya. Kumtoa mtoto ndilo jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Lakini jina lake lisingeweza kubaki kwenye kadi ya wakimbizi huku likiwa pia kwenye karatasi ya Masha.

"Unamutoa mutoto kwa kadi," mke wangu alisema, "halafu utamurudisha na nini?"

"Ni karatasi tu, mama."

"Karatasi ndiyo inatulisha huku, Papa. Usiniambie ni karatasi tu."

Nilikwenda peke yangu. Karani wa dirishani alisoma ombi langu akacheka, akamwita mwenzake aje aone. "Wewe mzee, watu hapa nakuja kuongeza. Wewe nakuja kutoa? Huyu mtoto nakula sana ama nini?" Nami nikacheka nao. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la tano, mstari ulionyooka kabisa. Tukawa watu sita.

Kabla ya mechi, timu ya vijana ilikuja Mbarara kwa mazoezi ya siku chache. Mke wangu alikaanga karanga, akazifunga kwenye vifuko vidogo, akaniambia nihakikishe mtoto amekula mbele yangu. Nilisimama nyuma ya uzio tangu asubuhi. Walipomaliza, wachezaji wakatoka wakicheka, na yule mfugaji alikuwepo getini na kofia yake na fimbo yake. Mwanangu alimkimbilia akampa mikono miwili, akamwita "Taata", kama watoto wa kule wanavyomwita baba. Kisha akaniona.

Sijui alifikiri nini. Uso wake haukubadilika.

"Huyu ni muzee wa kule kwetu," aliwaambia wenzake. "Jirani."

"Mzee, karanga ngapi?" aliuliza mmoja wao, mrefu mwenye meno mapana.

Nilikuwa na vifuko kumi na viwili mkononi, na sababu nyingine ya kuwa pale sikuwa nayo. Nikamtajia bei. Mrefu akapiga yowe, "Eh! Mzee wa kambi anatuibia! Punguza, mzee, sisi ni timu ya taifa!" Wakacheka wote. Nikapunguza. Nikawauzia kimoja kimoja mpaka vikaisha, na mwanangu naye akanunua kimoja, akasema, "Asante, muzee." Vidole vyake vilikuwa baridi. Wakapanda basi lao, na mfugaji akanipungia fimbo kwa heshima.

Nilitembea hadi mtaa wa Kakiika kabla ya kukumbuka kwamba gari za kwetu zinaondokea upande mwingine.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Amekula?"

"Amekula."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

Pesa za karanga sikumwambia. Nilizificha kwenye Biblia, kisha nikazitoa sadaka Jumapili, zote.

Mechi ya kwanza, ya nyumbani, hakuchezeshwa. Ya pili ilichezwa ugenini, nasi tuliitazama kwenye ukumbi wa video wa Base Camp, alasiri, joto limejaa chini ya mabati. Zilipobaki dakika kumi na mbili, aliingia. Namba kumi na nne. Mtangazaji alitamka jina lake la kwanza, lile tulilompa sisi, na la pili lilikuwa la ukoo wa Masha. Alipata mpira mara tatu. Mara moja alimpita mtu kwa ule mguu wa kushoto, akapiga krosi, na ukumbi mzima ukainuka.

Jirani yangu wa benchi akanigusa goti. "Huyu kijana anafanana mingi na mutoto yako, yule wa mupira. Alienda fasi gani?"

"Watu banafananaka," nikamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyoipata siku niliyoingoja. Mwanangu kwenye televisheni, na mimi nimekaa kimya kama mtu aliyeiba. Timu ilifungwa. Haikufuzu. Mashindano yenyewe yalipochezwa baadaye, nchi nyingine zikipeperusha bendera zao, sisi hatukuwemo, na mimi sikwenda kutazama.

Nilidhani sasa mambo yatarudi kama zamani. Nikaenda Masha kumchukua. Nilimkuta zizini, amevaa mabuti ya mpira, anakamua. Alinipa kigoda.

"Mpira umekwisha," nikamwambia. "Twende nyumbani, tukarekebishe kadi."

Aliendelea kukamua. "Nitarekebisha nini, muzee? Nikisema mimi ni mukimbizi, bataniuliza ile jezi nilivalia nini. Na yule aliyesema ni baba yangu batamufunga. Na wewe pia batakufunga."

"Mimi ni baba yako."

"Najua," alisema. "Lakini wewe ndiye ulienda kusema sivyo. Mimi sikusema kitu."

Hakuwa na hasira. Alinipa chupa ya maziwa nimpelekee mama yake.

Mama yake ndiye hakuwahi kuukubali uongo ule. Alikwenda Masha kila alipoweza, akamwita "mwanangu" mbele ya watu, naye alimwita "mama", na watu wa kule walidhani ni mlezi aliyempenda mtoto wa kulea. Mfugaji alipomwozesha, alilipa mahari kwa ng'ombe wake mwenyewe, akasimama akasema maneno ya baba. Mke wangu alikaa mbele, karibu na bibi harusi. Mimi nilikaa na wageni wa kutoka mbali. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa mwana wa mama yake, na kwangu alikuwa kijana mwenye adabu.

Mke wangu alipougua, mwanangu alikuja hospitali ya Mbarara kila siku. Alimlisha uji kwa kijiko. Nilipoingia alinyanyuka kunipisha kiti. Mara moja mama yake alitushika mkono, mmoja huku na mmoja huku, akasema, "Batu babili bajinga." Tukacheka wote watatu. Nikafikiri labda.

Mke wangu alifariki wiki ile. Mimi nikiwa mwandishi wa kanisa, nilitakiwa kuandika historia ya marehemu ya kusomwa kaburini, kama ilivyo desturi yetu, na nakala yake iende pamoja na barua ya kifo ofisini Base Camp. Wakati huo majina yetu yalikuwa kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa kwa safari ya nchi ya tatu, yaani kuhamishiwa ng'ambo moja kwa moja. Mabinti wawili waliobaki nyumbani walikuwa wanaisubiri safari ile kwa miaka. Kama historia ingesema watoto watano, na kadi inasema wanne, faili lingesimama. Nilikaa na kalamu mchana mzima. Kisha nikaandika wanne.

Mwanangu alileta fahali kwa ajili ya wafiwa. Alisimama nyuma na mkewe na yule mzee wa Masha. Mchungaji alikuwa mgeni, hakutujua vizuri. Akasoma nilivyoandika: ameacha mume na watoto wanne. Akasema watoto wa marehemu waje mbele waweke udongo.

Mabinti wakaenda. Mwanangu alipiga hatua moja, akasimama, akanitazama. Alikuwa ananingojea. Ilitosha niinue mkono. Ilitosha niseme, mchungaji, bado mmoja. Karibu yangu walikuwa watu wa mtaa, na miongoni mwao wale wanaopeleka habari ofisini. Nikatazama karatasi niliyoshika. Nilipoinua macho alikuwa amerudi nyuma.

Baada ya maziko alinifuata nilipokuwa nakunja mkeka.

"Ile ya kwanza nilikuwa mutoto," alisema. "Nikasema Papa anajua anachofanya. Leo ulikuwa na kalamu mwenyewe."

"Ilikuwa kwa ajili ya faili. Kwa ajili ya dada zako."

"Najua. Muzee, mimi nilikuwa nakuja hapa kwa ajili yake. Sasa amelala." Akanipa mkono, kwa adabu ile ile, akaondoka na watu wake.

Hatukuwahi kuitwa kwenye mahojiano. Mabinti waliolewa, mmoja Kampala, wengine mbali zaidi, na wananipigia simu wakiwa na salio. Mwanangu yuko Masha. Mpira aliuacha. Nasikia ana watoto wawili, na mkubwa ni mvulana. Sijawahi kumbeba. Nilituma salamu kupitia wafanyabiashara wa maharage waendao Masha mara tatu, zikarudi salamu za jumla, zile anazotumiwa mzee yeyote. Sasa ninaishi peke yangu, na kadi ina jina moja. Nilikuwa na mwana mmoja, nikakubali kusema si wangu ili acheze mashindano ambayo hakuyacheza. Yuko hai, si mbali nami, na ana baba mwingine.