Vibuyu vya Mama Tekla vilivyokuwa ukutani

Wengi tunakosea jambo moja: tunauacha mmumunye, mmea wa vibuyu, utambae ukutani upande wa barabara, eti kuna jua zaidi.

Leo asubuhi, hapa Ifakara, askari wa Mjerumani alisimama kwa jirani yangu, Mama Tekla.
Tangu vita vya Majimaji, wakiona kibuyu wanaona maji ya dawa, yale ya kuzuia risasi.

Askari akashika kibuyu kimoja: "Maji haya utamgawia nani?"

"Kipasue, mwanangu. Ukikuta dawa, nifunge."

Akakipasua. Mbegu na ute vikamrukia kwenye sare.
(Tulicheka moyoni tu.)

Kwa hasira akafyeka vyote vya nje.
Mama Tekla alichomewa nyumba na vyombo vitani. Vibuyu hivyo ndivyo angechotea maji.

Vimesalia viwili, upande wa ndani.

Vya kwenu vinaning'inia wapi?
Leo hii, yageuzieni matawi upande wa ndani wa ukuta.