Okidi na Chokaa ya Mjomba

Ukiona mti umebeba mgongoni majani yasiyo yake, unamwita nani?

Mjini kwetu wanamwita mjomba wangu. Ndiye mpakaji chokaa wa miti ya barabara ya ofisi ya mji. Hukwangua gome kwa brashi ya waya, kisha hupaka kuanzia ardhini hadi kifuani, mstari umenyooka kama wa rula. Watani wake humwita Daktari wa Ngozi.

Katika kukwangua huko, okidi nazo zimekwenda, yale maua meupe yanayoota juu ya miti. Ng'ambo ya mto bado zipo. Upande wetu, mimi na wenzangu wa chuo tulitafuta tukapata moja tu, imeshika mti ulio mbele ya lango la ofisi, usawa wa kiuno. Na mjomba alikuwa ameagizwa ausafishe mti huo, maana kesho yake wangekuja wageni.

Nilimkuta brashi mkononi.

"Mjomba, usiiguse. Ni ya mwisho."

"Kupe naye ana wa mwisho?"

"Si kupe. Hainyonyi mti. Inakunywa mvua na ukungu, basi."

"Yaani mpangaji asiyelipa kodi. Na wewe ndiye wakili wake."

Nikalihutubia lango zima: usafi gani huu wa kuua kiumbe ili mgeni asifie rangi? Mlinzi akacheka. Mjomba aliinua mzizi mmoja wa okidi kwa ukucha, akachungulia, akapapasa gome kwa kidole gumba kama anayetafuta kipele.

"Hata kovu hakuna," alisema. "Miaka yote nakwangua, sijawahi kutazama chini yake."

Mti ule akaupaka hadi gotini tu.

Msimamizi wake akapita. "Mbona huu umevaa kaptula na wenzake suruali? Kesho nikute safu iko sawa, la sivyo utafute kazi nyingine."

"Itakuwa sawa, mkubwa."

Nilirudi nyumbani na kinyongo. Nilidhani okidi imeshasalitiwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mjomba amepiga magoti, ovaroli imelowa, anasugua chokaa ya jana kwenye mti wa mwisho wa safu. Chokaa ya mingine yote alikwisha kuishusha hadi gotini. Msimamizi alichuchumaa nyuma yake, akafumba jicho moja, akaupima mstari mti kwa mti, kisha akainuka akaenda kuwafungulia wageni lango.