Chuma cha Mdachi na Jembe la Mama

Tuliokuwepo siku ile kwenye shamba la kahawa ni hawa: mama yangu, mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja, aliyekuja kukaa nasi baada ya baba kuchukuliwa upagazi asirudi, mimi, mtoto pekee wa mama, na nyapara, mtu wa pwani, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote pale. Wavunaji wengine walikuwa majirani zetu. Mdachi mwenye shamba simhesabu, alikuwa barazani kwake. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa wa Mdachi. Siyaandiki, maana wajukuu wa nyapara wapo hapa mjini na tunasalimiana vizuri.

Shamba lilikuwa upande wa mto Usa. Mbele ya ghala kilining'inia kipande cha chuma cha reli. Asubuhi nyapara alikigonga, na aliyechelewa alikutana na kiboko. Mwanzoni ilikuwa hivyo: chuma, halafu kiboko, chuma, halafu kiboko. Ikafika mahali kiboko kinapumzika ghalani na chuma kinafanya kazi peke yake. Kikilia tu, mabega ya watu wazima yanapanda, vichwa vinainama. Hata kengele ya shingoni mwa ng'ombe wa jirani ilimshtua mjomba akiwa nyumbani, anakula.

"Kiboko hakina haja ya kunifuata tena, dada," alimwambia mama, akijigusa shingo. "Kimeshahamia humu."

Sasa, kwetu mtoto humwinamishia mzee kichwa, na mzee humwekea mkono utosini. Ndiyo salamu yetu. Yule mtu wa pwani alikwisha kuiona, basi alipokuta shamba zima limeinamisha vichwa, akadhani anaamkiwa! Akawa anapita katikati ya mistari ya kahawa, kifua mbele: "Marahaba! Marahaba!" Watu wakimcheka chinichini. Mama hakucheka.

Nyapara akasema na mimi nimekua, kahawa ikiiva nije kuchuma. Jioni mama akamwambia mjomba, "Mgongo wangu walishaufundisha. Wa huyu hawaufundishi."

"Utamziba masikio?"

"Simzibi. Nawawahi."

Akatundika jembe bovu kwenye nguzo ya jikoni. Kila alipotaka kunipa asali, ile mjomba aliyoirina msituni mlimani, kwanza aligonga jembe, ngaa! Kisha kidole chenye asali kikaingia mdomoni mwangu. Bila jembe, hakuna asali. Siku za kwanza mate yalinitoka kwa utamu wenyewe. Baadaye jembe likilia tu, kibuyu cha asali sijakiona, mdomo umeshajaa. Yeye mwenyewe mgongaji mabega yalimruka kila alipogonga. Akauma meno, akagonga tena.

"Kichwa chako," aliniambia, "ni cha mzee mwenye mkono wa kukuwekea. Chuma hakina mkono."

Kahawa ikaiva, tukaenda. Chuma kikalia. Watu wote wakashuka kama majani yaliyopigwa na upepo, nikabaki nimesimama najilamba midomo.

"We mtoto! Huna adabu? Wenzako wanaamkia!" Nyapara huyo, kaja mbio. "Unalamba nini?"

"Mate yangu."

Akarudi kwenye chuma, akagonga akinikazia macho. Nikameza. Akagonga tena. Nikameza tena. Mjomba akashindwa kujizuia: "Gonga, bwana, gonga! Mtoto ana njaa!"

Kicheko kikapasuka, safari hii si cha chini kwa chini. Nyapara akazidi kugonga kwa hasira, mikononi ana nyundo tu, kiboko kiko ghalani. Ngaa, ngaa, na hakuna anayepigwa. Nikaona kwa macho yangu vichwa vikiinuka, kimoja kimoja. Mabega ya mjomba yakashuka, yakakaa mahali pake.

Ndipo nyapara akakumbuka kiboko. Alinichapa miguuni, mama akajitupa katikati, naye akapata chake. Sitadanganya, niliuma meno lakini nililia.

Jioni mama akagonga jembe. Niliruka, nikakimbilia nyuma ya mjomba.

"Mwache leo, dada," mjomba akasema.

"Leo ndiyo siku yenyewe. Mwanangu, njoo ule."

"Sitaki!"

Akaligonga tena, akalamba asali yeye kwanza, akanisubiri. Nikaja polepole, nikala. Kesho yake akagonga, na keshokutwa. Miguu ilikumbuka kiboko, mdomo ukakumbuka asali, vikagombana ndani yangu muda mrefu. Mdomo ukashinda. Na jioni moja nikaangalia mabega ya mama alipogonga: yalikuwa yametulia. Kule shambani kiboko kiliendelea, lakini vile vichwa havikuinama tena vyote pamoja, na "marahaba" sikuisikia tena.

Leo naishi hapa mjini, Engutoto. Kengele ya shule ikilia, mdomo wangu usio na jino hata moja unajaa mate, na mjukuu wangu ananiuliza, "Bibi, unatafuna nini?"

Kama wazee wenu waliwasimulia kwamba mjomba alicheka baada ya kiboko na si kabla, au kwamba jembe lilitundikwa nje na si jikoni, njooni mniambie, nitasahihisha. Lakini anayetaka kusema niliinamisha kichwa, huyo abaki kwake.