Bomba la Mganda

Hapana, si baridi iliyonifanya nisishuke garini. Najua mtaniuliza, ndiyo maana najibu mapema. Miguu ilikufa ganzi kwa woga, basi. Nikabaki kiti cha mbele kwenye lori la mkwe wangu, mkoba nimeukumbatia.

Lori lenyewe zee. Mkwe alilirefusha nyuma lichukue makochi na mafriji ya watu wanaohama, halafu akalikata chujio la moshi kwa sababu lilikuwa linaziba kila siku. Toka hapo likawa linafuka kama jiko la kuni mbichi. Kwenye ukaguzi wakalikataa. Likishindwa tena, haliruhusiwi barabarani, na mkwe hana kazi nyingine, na binti yangu ni mjamzito, tumbo limeshafika mdomoni.

Wazo la kuazima lilikuwa langu, nisiwadanganye. Kwetu siku ya ukaguzi watu wanaazimana tairi, taa, hata betri, jioni kila mtu anarudishiwa chake. Kuna Mganda mmoja hapa Hjulsta, mtaa wetu huku ugenini, ana lori kama hilohilo, nalo lilipita ukaguzi juzi tu. Nikamfuata mwenyewe, nimwombe bomba lake la moshi pamoja na chujio.

Akanikunjia uso. "Nyabo, mama yangu, mimi nakupa. Lakini kesho jioni hiyo bomba irudi kwa gari yangu. Mimi iko na kazi."

Nikamrudishia vilevile, na uso nimeukunja: "Mimi iko na kazi." Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mkwe hakucheka. Alishinda chini ya lori akifunga nati. Pale bomba lilipokuwa linacheza kwenye lori lake, Mganda alikuwa amelibana kwa waya wa njano, tukatumia huohuo.

Asubuhi tukaenda. Mkaguzi kijana mrefu, anaongea polepole, sauti ya chini, utafikiri uko wodini naye ndiye daktari. Akaniashiria nishuke. Nikatikisa kichwa. Akanitazama, akaniacha. Mkwe akasimama dirishani kwangu anitafsirie.

"Mama, usimwigize huyu," akaninong'oneza. "Nakuomba."

"Nitamwigiza na nini? Mate yenyewe yamekauka."

Mkaguzi akachomeka mpira wa kipimo kwenye bomba, akapanda, akakanyaga mafuta mpaka chini. Lori likalia, kiti kikatetemeka, na mimi nikatetemeka nacho. Nikasema sasa linapasuka, na mimi nimo ndani. Akakanyaga tena, na tena. Kisha akazima, akasoma kimashine chake.

"Anasema moshi ni safi," mkwe akaniambia. Mikono yake bado imeng'ang'ania mlango.

Nikaanza kuvuta pumzi. Ndipo kijana akachukua tochi, akachuchumaa nyuma ya lori. Akakaa hukohuko. Namwona kwenye kioo cha pembeni, mgongo tu na ile tochi, haiendi mbele wala nyuma, imetulia mahali pamoja. Nikajua mahali penyewe.

Akainuka, akajifuta mikono taratibu, akaja dirishani. Akasema maneno machache kwa sauti yake ileile ya wodini. Mkwe akauachia mlango. Nikamvuta shati: "Kasemaje?"

"Anasema huu waya aliuona juzi kwenye lori lingine. Kesho tulete malori yote mawili, kwa wakati mmoja."